Namna ya Kufundisha Historia ya Lugha za Programu kwa Kamba, Maharage na Kadi za Manila

Mwalimu anayepewa mada ya historia ya lugha za programu huangukia kwa urahisi mtego uleule: anaandika ubaoni orodha ya majina na miaka, wanafunzi wanainakili, na wiki mbili baada ya jaribio hakuna anayekumbuka kama FORTRAN ilitangulia COBOL au COBOL ndiyo iliyotangulia. Mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia klabu ya TEHAMA katika shule moja ya sekondari wilayani Rungwe nilifanya hivyo hivyo, tena kwa bidii kubwa. Nilichelewa kutambua kwamba kila mojawapo ya lugha hizo ilizaliwa kutokana na kero fulani, na kwamba mtu ambaye hajaionja kero hawezi kuelewa kwa nini mtu mwingine alitumia miaka mitatu ya maisha yake kuiondoa. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata utaratibu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: wanafunzi wasumbuke kwanza, watafute wenyewe njia ya kutoka, na ndipo watajiwe jina, mwaka na mahali.

Vifaa

Andaa kamba ya kuanikia nguo yenye urefu wa kama mita nne, vibanio 30 vya nguo vilivyoandikwa namba kuanzia 00 hadi 29, kikombe kimoja, nusu kilo ya maharage, vijikaratasi vya ukubwa wa kiganja, karatasi chache za manila, rula, na kitu cha kutobolea. Maharage makubwa ya njano, yale yanayojaa sokoni Mwanjelwa, yanafaa kuliko madogo, kwa sababu yanahesabika haraka na hayapotei kwenye nyufa za sakafu.

Kompyuta haihitajiki hata moja. Hilo ni nafuu katika shule zetu ambako mvua ya Machi ikishika kasi umeme nao huaga, lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: kompyuta ya leo inaficha kila kitu ambacho somo hili linataka kukionyesha. Tenga vipindi vinne vya dakika 80. Nimejaribu vitatu na havikutosha.

Kipindi cha kwanza: mashine ya kamba

Tundika kamba mbele ya darasa na ueleze kwamba kila kibanio ni nafasi moja ya kumbukumbu, na namba ya kibanio ndiyo anwani yake. Kijikaratasi kinachoning'inia hapo kina namba tupu, bila neno lolote. Namba hiyo inaweza kuwa kiasi cha kitu, au inaweza kuwa agizo la tarakimu nne, ambalo tarakimu zake mbili za kwanza zinataja kazi na mbili za mwisho zinataja anwani. Kazi ziwe sita tu. Kazi ya 11 ni kumwaga kilichomo kikombeni na kuweka maharage kwa idadi iliyoandikwa kwenye anwani iliyotajwa; 12 ni kuongeza idadi hiyo juu ya iliyomo; 13 ni kuipunguza; 14 ni kuandika idadi iliyomo kikombeni kwenye anwani hiyo, huku maharage yenyewe yakibaki; 15 ni kurukia anwani iliyotajwa endapo kikombe bado kina maharage; na 16 ni kusimama.

Chagua mwanafunzi mmoja awe mashine. Yeye ndiye anayeshika kikombe, na haruhusiwi kufikiri: anasoma kibanio, anatenda, anahamia kinachofuata.

Swali liwe la kila siku. Magunia manne ya mahindi, kila gunia debe sita, jumla ni debe ngapi? (Hapa ni gunia halali, lumbesa tuwaachie madalali.) Mashine yetu haijui kuzidisha, kwa hiyo itajumlisha sita mara nne. Kwenye kibanio cha 20 weka 4, ambayo ni magunia yaliyobaki kuhesabiwa. Kwenye 21 weka 6. Kwenye 22 weka 0, ambako jumla itakaa. Na kwenye 23 weka 1. Maagizo yaanzie kibanio cha 00:

00: 1122
01: 1221
02: 1422
03: 1120
04: 1323
05: 1420
06: 1500
07: 1600

Mwanafunzi anachukua jumla, anaongeza sita, anairudisha. Kisha anachukua idadi ya magunia, anapunguza moja, anaiandika upya. Na iwapo kikombe hakijawa kitupu anarudi mwanzo. Hatua zote ni 29, na mwishoni kibanio cha 22 kinasomeka 24. Usikubali mtu ayafupishe mazoezi haya kwa kusema kwamba jibu analijua kichwani. Uchovu wa hatua 29 kwa swali la darasa la tatu ndio somo lenyewe.

Hapo ndipo historia inapoingia kwa mara ya kwanza. Waeleze kwamba ENIAC, mashine iliyozinduliwa Philadelphia nchini Marekani mwezi Februari 1946, ilikuwa na vali (taa za kioo zilizofanya kazi ya swichi za umeme) zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi, lakini haikuwa na kamba kama yetu: kubadilisha kazi yake kulimaanisha kuchomoa na kuchomeka nyaya na kugeuza swichi, jambo lililoweza kuchukua siku kadhaa. Walioifanya kazi hiyo walikuwa wanawake sita, nao ni Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Yaandike majina yote sita ubaoni. Ni mahali pekee katika somo hili ninapowataka wanafunzi wanakili orodha, na wasichana wa klabu wameniuliza mara kadhaa kwa nini hawakuwahi kuyasikia.

Wazo la kutundika maagizo na namba kwenye kamba moja lilitekelezwa kwa vitendo kwa mara ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, tarehe 21 Juni 1948. Kumbukumbu ya mashine ile ndogo ilikuwa na nafasi 32 tu, yaani mbili zaidi ya vibanio vyetu. Programu ya Tom Kilburn, yenye maagizo 17, ilitafuta namba kubwa kuliko zote inayogawanya 262,144 bila baki, ukiacha yenyewe. Mwanafunzi yeyote makini atakuambia papo hapo kwamba ni nusu yake, 131,072. Mashine ilijaribu namba moja moja kutoka juu kushuka chini, tena ikigawanya kwa kutoa mara nyingi, na ilichukua dakika 52.

Sasa leta kero kwa makusudi

Usimalize kipindi kabla ya hatua hii, kwa maana ndiyo kiini cha mwongozo mzima. Waambie wairudie hesabu ileile. Rudisha 4 kwenye kibanio cha 20, lakini nyamaza kuhusu kibanio cha 22, ambacho bado kina 24 ya mara ya kwanza. Mashine itafanya kazi yake kwa uaminifu na kutoa 48. Darasa litacheka, kisha mtu atagundua kwamba jumla haikufutwa. Waulize dawa ni nini. Watapendekeza, na ni pendekezo zuri, kwamba programu yenyewe ianze kwa kuifuta jumla: tundika 0 kwenye kibanio cha 24, kisha tanguliza maagizo mawili mapya, 1124 na 1422. Maagizo ya zamani yote yasogezwe nafasi mbili kulia.

Rudisha 4 kwenye 20 na waendeshe tena. Jibu litakuwa 6.

Mara ya kwanza nilipolifanya zoezi hili, binti wa kidato cha pili aliyekuwa ameshika kikombe alirudia hesabu mara tatu akidhani mkono wake ndio uliokosea, na mara zote tatu alipata 6. Kosa lilikuwa kwenye kijikaratasi kimoja ambacho hakuna aliyekigusa. Agizo la 1500, ambalo sasa lilikuwa limehamia kibanio cha 08, lilikuwa bado linamwamuru arudi 00, na huko 00 sasa kulikuwa na maagizo ya kufuta jumla. Kila alipozunguka alifuta kazi yake mwenyewe. Agizo sahihi lilikuwa 1502. Ilituchukua dakika ishirini kuliona, katika programu yenye maagizo kumi.

Waachie wajiulize ingekuwaje kama maagizo yangekuwa elfu moja na marukio hamsini. Kisha wasimulie habari ya Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wa EDSAC katika Chuo Kikuu cha Cambridge: alikumbuka baadaye kwamba mwaka 1949, akiwa kwenye ngazi akielekea chumba cha mashine, ilimjia ghafla kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ataitumia kutafuta makosa katika programu zake mwenyewe.

Kipindi cha pili: kutoka namba kwenda majina

Wanafunzi waliolala na kero ya 1500 huja asubuhi wakiwa na dawa mikononi. Kila mwaka kuna anayesema: "Mwalimu, kwa nini tusiandike tu RUKA MWANZO, halafu mtu mwingine ajaze namba?" Mpe huyo aliyesema kazi ya kuwa karani. Wenzake waandike programu upya kwa maneno, CHUKUA JUMLA, ONGEZA DEBE, WEKA JUMLA, na agizo linalorukiwa lipewe jina pembeni yake. Karani anapita mara mbili: mara ya kwanza anaandika daftarini kila jina limeangukia kibanio kipi, mara ya pili anabadilisha kila neno kuwa tarakimu. Ukiongeza maagizo mapya, karani anarudia kazi na namba zote zinajirekebisha.

Karani huyo, akiwa programu badala ya mtu, huitwa asembla. Kathleen Booth wa Chuo cha Birkbeck, London, alibuni uandishi wa namna hiyo mwaka 1947 kwa ajili ya mashine ambayo yeye na wenzake walikuwa wakiijenga. Cambridge wakaufanya uwe kazi ya kila siku: EDSAC ilipoanza kufanya kazi tarehe 6 Mei 1949, ilikuwa na maagizo 31 ya kuanzia, yaliyotungwa na kijana David Wheeler, ambayo yalisoma utepe wa karatasi ulioandikwa herufi, A kwa kujumlisha, S kwa kutoa, T kwa kuhamishia kwenye kumbukumbu, na kuyageuza kuwa namba za mashine. Sisitiza jambo hili, maana wanafunzi hulipita: mashine ndiyo iliyopewa kazi ya ukarani. Hadi hapo tafsiri ilikuwa jasho la binadamu.

Hatua inayofuata ni ya kuzidisha. Wape swali linalotaka kuzidisha mara mbili, kwa mfano debe za mahindi na debe za viazi, kisha kuzijumlisha. Watachoka haraka kuandika upya maagizo yaleyale manane, nao watataka kuyanakili. Waache wanakili, na tatizo la anwani litarudi: kipande kilichoandikwa kwa ajili ya vibanio 00 hadi 07 hakifanyi kazi kikihamishiwa vibanio 10 hadi 17, mpaka kila rukio lirekebishwe. Hapo eleza kwamba Cambridge walihifadhi vipande kama hivyo katika kabati la tepe za karatasi, na kwamba Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walichapisha mwaka 1951 kitabu cha namna ya kuvitumia. Mwaka 1952 Grace Hopper, aliyekuwa akishughulikia mashine za UNIVAC nchini Marekani, alitengeneza A-0, programu iliyopewa namba za vipande, ikavitoa kwenye utepe wa sumaku, ikavipanga na kurekebisha anwani zake yenyewe. Hopper aliiita kompaila, ingawa kwa maana tunayoitumia leo, yaani programu inayotafsiri lugha nzima kuwa maagizo ya mashine, neno hilo lilikuwa kubwa kidogo kwa kazi ile.

Zoezi la kufunga kipindi ni la tafsiri ya fomula. Andika ubaoni J = A + B - C, toa anwani 20, 21, 22 kwa A, B, C na 23 kwa J, na mtu atakuletea 1120, 1221, 1322, 1423. Ni rahisi. Sasa andika J = A + B × C. Nusu ya darasa watajumlisha kwanza. Ubishi utakaozuka ni halali kabisa, kwa sababu sheria ya kuzidisha kabla ya kujumlisha inakaa katika vichwa vya watu na mashine haijawahi kusikia habari zake. Atakayetafsiri lazima aijue. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1950, watu kadhaa walikuwa wakihangaika na jambo hili mbalimbali: Corrado Böhm katika tasnifu yake huko Zürich mwaka 1951, Alick Glennie na Autocode yake huko Manchester mwaka 1952, Laning na Zierler katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1954. Usiwalazimishe wanafunzi kuwashika wote. Inatosha waone kwamba shauku ilikuwa imeenea, na kwamba hakuna mtu mmoja wa kupewa sifa yote.

Kipindi cha tatu: kadi

Chora kwenye manila mstatili wenye upana wa sentimita 40, uugawe safu 80 za nusu sentimita, kisha mistari 12 ya kulala. Hiyo ni picha iliyokuzwa ya kadi ya kampuni ya kompyuta ya IBM, ambayo programu iliandikwa juu yake kwa matundu, na ambayo kwa kweli ilikuwa na upana usiozidi sentimita 19. Mistari kutoka juu iitwe 12, 11, 0, halafu 1 hadi 9. Tarakimu hutobolewa tundu moja kwenye mstari wake, na herufi hutobolewa matundu mawili. Neno JUMLA linatobolewa hivi: J ni 11 na 1, U ni 0 na 4, M ni 11 na 4, L ni 11 na 3, A ni 12 na 1. Kila mwanafunzi atoboe jina lake la kwanza kwenye kadi ndogo kabla ya kuendelea, na akikosea tundu moja atupe kadi na kuanza upya, kama walivyofanya watoboaji wenyewe.

Baada ya hapo waandike sentensi ya FORTRAN. Safu ya 1 hadi 5 ni za namba ya sentensi. Ya 6 ni ya kuonyesha kwamba kadi hii ni mwendelezo wa iliyotangulia. Ya 7 hadi 72 ndipo sentensi inapokaa. Na ya 73 hadi 80 mashine haizisomi kabisa, kwa sababu kisomeo cha kadi cha kompyuta ya IBM 704 kilisoma safu 72 tu kwa kila kadi. Safu hizo nane zilizoachwa ziliwafaa watu kuandika namba za mfuatano, na utaona faida yake sasa hivi.

Sentensi yetu ni hii:

JUMLA = GUNIA * DEBE

Linganisha na vijikaratasi vinane vya kamba. Mpe kila mtu dakika moja ya kuitazama sentensi hiyo kimya, kisha mtegee darasa. Ingiza magunia mawili na robo tatu, yaani 2.75, kwa debe 6. Kwa kalamu wanapata 16.5. Mashine ya mwaka 1957 ingewapa 16, na nusu debe nzima ingeyeyuka bila onyo. Sababu ni kwamba katika FORTRAN jina linaloanza na herufi kati ya I na N lilihesabiwa kuwa la namba kamili, na mengine yote kuwa ya namba zenye desimali; JUMLA inaanza na J. Mkulima yeyote wa Mbozi aliyewahi kupoteza nusu debe kwenye mizani ataielewa sheria hiyo kuliko mwanafunzi wa chuo. Waache walitafute jina jingine. Wengi watapendekeza TOTALI, na T inafaa. Atakayependekeza MAGUNIA kwa hesabu nyingine mwambie haliwezekani kwa sababu mbili: linaanza na M, na lina herufi saba ilhali kikomo kilikuwa sita.

Waonyeshe pia kwamba FORTRAN haikujali nafasi kati ya maneno. DO 10 I = 1,10 ni amri ya kurudia mara kumi; ukiweka nukta mahali pa mkato, mashine inasoma jina jipya DO10I na kulipa thamani ya 1.10, bila lalamiko lolote.

Historia yake isimuliwe kwa utulivu, maana ni tajiri. John Backus aliandika pendekezo kwa wakubwa wake wa IBM mwishoni mwa 1953, na baadaye alikiri waziwazi kwamba kilichomsukuma ni uvivu: hakupenda kuandika maagizo ya mashine. Kikundi chake kiliamini kwamba kazi ingekwisha kwa miezi kama sita. FORTRAN ilitolewa kwa wateja Aprili 1957. Ugumu mkubwa ulikuwa kuwashawishi mafundi waliokuwa wakiandika namba kwa mikono, ambao waliamini kwamba programu haiwezi kuandika maagizo mazuri kama yao, na kwa bei ya saa za mashine enzi hizo hoja yao ilikuwa na uzito. Kwa sababu hiyo kikundi cha Backus kilitumia nguvu nyingi kuhakikisha kwamba maagizo yanayotoka kwenye kompaila yanakimbia karibu sawa na ya fundi hodari. Nadhani jambo hili linastahili dakika nyingi kuliko tarehe yenyewe, kwa sababu wanafunzi hudhani kwamba kitu kizuri hupokelewa siku ya kwanza.

Mwishoni mwa kipindi kusanya kadi zote za darasa, ziwe kama thelathini, na uziangushe sakafuni. Wape dakika tano wazipange upya. Kundi lililoandika namba za mfuatano kwenye safu 73 hadi 80 litamaliza. Jingine litaomba msamaha. Kisha wafundishe ujanja wa kale wa kuchora mstari wa mshazari kwa kalamu juu ya ukingo wa rundo zima: kadi ikiwa si mahali pake, mstari unavunjika na jicho linaiona.

Kipindi cha nne: lugha kwa ajili ya nani?

Hapa gawanya darasa makundi matatu, na usijali kama hayatalingana.

Kundi la kwanza liwe la wafanyabiashara, nalo lipewe COBOL. Mwezi Mei 1959 watu takribani 40 kutoka serikalini, viwandani na kwa watengenezaji wa kompyuta walikutana Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani, kutafuta lugha moja ya kazi za biashara itakayoendeshwa na mashine za makampuni yote. Walichota kwa wingi kutoka FLOW-MATIC, lugha ya Grace Hopper, ambayo sentensi zake zilisomeka kama Kiingereza cha ofisini, na Desemba 1960 programu ileile iliendeshwa kwenye mashine za makampuni mawili tofauti, RCA na Remington Rand. Kazi ya kundi ni kubuni COBOL ya Kiswahili: ZIDISHA GUNIA KWA DEBE UPATE JUMLA. Wasidhani kwamba ni mchezo tu. Hopper alisimulia kwamba aliwahi kuwaonyesha wakubwa wake programu moja ikiwa na maneno ya Kiingereza, kisha ya Kifaransa, kisha ya Kijerumani, akitaka kuwathibitishia kwamba kwa mashine maneno ni alama tu; wakubwa walishtuka, kwa kuwa haikuwaingia akilini mashine iliyojengwa Philadelphia ielewe Kifaransa. Kundi likimaliza, waulize kama mashine ingepata shida na ZIDISHA. Jibu wanalo tayari kutoka kwa karani wa kipindi cha pili.

Kundi la pili lipewe ALGOL, na nalipenda kuliko mengine. Anza kwa kuwauliza maana ya "elfu mia mbili na tano". Nusu wataandika 205,000 na nusu 200,005, na wote watakuwa sahihi, jambo ambalo kila aliyenunua kiwanja Uyole anapaswa kulihofia. ALGOL iliandaliwa na wataalamu wa Ulaya na Marekani, kwanza Zürich mwaka 1958, kisha Paris Januari 1960, ikikusudiwa isomwe kwa namna moja kila mahali. Ili utata kama huo usiwepo, walitumia njia ya kuandika sarufi iliyobuniwa na Backus na kunolewa na Peter Naur wa Denmark, mhariri wa ripoti yao. Waandike kwa njia hiyo namba za Kiswahili:

⟨tarakimu⟩ ::= moja | mbili | tatu | nne | tano | sita | saba | nane | tisa
⟨makumi⟩ ::= kumi | ishirini | thelathini | arobaini | hamsini | sitini | sabini | themanini | tisini
⟨namba⟩ ::= ⟨tarakimu⟩ | ⟨makumi⟩ | ⟨makumi⟩ na ⟨tarakimu⟩

Hadi tisini na tisa kila kitu kinakaa sawa. Waambie waendelee hadi mia, kisha elfu, na uwaache wagongane na "na" ileile wenyewe. Kundi langu moja liliamua kwamba elfu lazima itajwe mwisho, "mia mbili na tano elfu", na likatunga sheria zake bila utata hata mmoja. Kamati ya Paris isingefanya vizuri zaidi.

Kundi la tatu lipewe LISP kwa ufupi. John McCarthy aliianza MIT mwaka 1958, na msaidizi wake Steve Russell ndiye aliyetambua kwamba fomula moja ya karatasini, iliyokusudiwa kuwa nadharia, inaweza kuandikwa kama programu na kuendesha lugha nzima. Tumia vikapu vitatu vya milulu vya Iringa vinavyoingiana kuonyesha (JUMLISHA 2 (ZIDISHA 3 4)): hakifungwi cha nje kabla ya cha ndani, na jibu ni 14.

Mahali pa Ada na Zuse

Vitabu vingi huanza na Ada Lovelace, na wanafunzi watakuuliza kwa nini wewe hukumtaja. Mwingize sasa, wakiwa wanajua agizo ni nini. Mwaka 1843 alichapisha maelezo kuhusu mashine ambayo Charles Babbage aliibuni lakini haikujengwa, yakiwa na jedwali la hatua za kukokotoa namba za Bernoulli. Jedwali hilo halikuwa lugha. Linafanana zaidi na vijikaratasi vyetu vya kamba. Kadi za mashine hiyo zilitokana na kitanda cha mfumi cha Jacquard cha Ufaransa, ambacho tangu mwanzo wa karne ya 19 kilifuma nakshi kwa kufuata matundu, na hapo kikapu cha milulu kinafaa tena: mwambie mwanafunzi aandike maagizo ya nakshi moja kwa kuhesabu nyuzi, ampe mwenzake ambaye hajakiona kikapu.

Konrad Zuse ni wa kusimuliwa jioni. Mwaka 1945, vita vikiwa vimeisha na Berlin imebomolewa, mhandisi huyu Mjerumani alikuwa amejihifadhi katika kijiji cha Hinterstein milimani Alps, bila njia ya kuendeleza mashine zake. Huko aliandika Plankalkül, lugha kamili yenye masharti na marudio, pamoja na mifano ya kucheza sataranji, miaka mingi kabla ya FORTRAN. Ilichapishwa yote mwaka 1972. Kwa sisi tunaofundisha programu ubaoni huku ukungu umeziba dirisha, ni habari ya jirani.

Kuhifadhi

Kadi za manila zikikaa wazi Tukuyu kwa msimu mmoja wa mvua hujikunja na kuvimba, kama zile za awali zilivyovimba na kukwama kwenye visomeo. Zifunge kwa uzi pande zote mbili, ziweke ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kijifuko cha mchele mkavu, na uweke juu yake ubao wenye uzito. Maharage yapelekwe jikoni siku hiyo hiyo, ila yahesabiwe kwanza. Mashine ya mwaka jana ilikuwa ikiyatafuna.